Umbali Haubadiliki, Saa Hubadilika: Hotuba kuhusu Safari ya Ndege kati ya Viwanja Viwili

Mabibi na mabwana, ninyi mnaokata tiketi, mnaopanga safari za wenzenu na mnaosomea kazi hii, salaam.

Mtu akija dirishani akauliza, "Kutoka New York hadi London ni mbali kiasi gani, na ni saa ngapi kwa ndege?", ameuliza maswali mawili yenye tabia mbalimbali. La kwanza lina jibu moja: ni kilomita 5,555 hivi kati ya uwanja wa John F. Kennedy na uwanja wa Heathrow, masika na kiangazi. La pili halina jibu moja. Februari 2020 ndege ya abiria aina ya Boeing 747 ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, ikisukumwa na upepo wa dhoruba. Ratiba za njia hiyohiyo huandikwa saa 7 hivi kwenda mashariki, na saa 8 kurudi magharibi. Ndege ni zilezile na viwanja ni vilevile.

Vikokotoo vya safari za ndege huziweka namba hizi mbili bega kwa bega, kana kwamba zimepatikana kwa njia moja. Ya umbali imepimwa, ya saa imekisiwa, na mara nyingi imekisiwa vibaya: umbali umegawanywa kwa mwendo fulani wa ndege, basi. Leo tuzifungue zote mbili tuone zina nini ndani.

Tuanze na umbali. Dunia ni mviringo, kwa hiyo njia fupi kuliko zote kati ya sehemu mbili ni kipande cha duara kuu, yaani duara linaloizunguka dunia yote na kuikata katikati kabisa. Kwenye ramani ya ukutani njia hiyo huonekana imepinda, na anayeitazama hudhani rubani anazunguka bure. Ramani ndiyo iliyopinda. Ndege inayofuata duara kuu kutoka New York huanza na uelekeo wa nyuzi 51, kaskazini-mashariki, na uelekeo huo hugeuka kidogo kidogo hadi ikifika London iwe inaelekea nyuzi 108, yaani mashariki ikiinamia kusini. Ukitaka kushika uelekeo mmoja mwanzo hadi mwisho, sawasawa na mstari ulionyooka kwenye ramani ya mabaharia, utasafiri kilomita 5,770 hivi. Umejiongezea zaidi ya kilomita 200 kwa ajili ya kunyoosha mstari kwenye karatasi.

Kupiga hesabu yenyewe unahitaji latitudo na longitudo ya kila uwanja. Kila uwanja una nukta yake rasmi ya rejea, kwa kawaida karibu na katikati ya njia zake za kurukia, nayo huchapishwa katika kitabu cha taarifa za usafiri wa anga cha nchi husika. Umbali unaotajwa ni wa nukta hadi nukta. Haupimwi kutoka lango la abiria, wala kutoka mjini.

Kwa Kennedy nukta hiyo ni 40.64 kaskazini na 73.78 magharibi, kwa Heathrow ni 51.47 kaskazini na 0.45 magharibi. Tofauti ya longitudo ni nyuzi 73.33. Zidisha saini ya latitudo ya kwanza kwa saini ya latitudo ya pili: 0.6513 mara 0.7823 ni 0.5095. Kisha zidisha kosaini ya latitudo ya kwanza, kosaini ya latitudo ya pili na kosaini ya tofauti ya longitudo: 0.7588 mara 0.6229 mara 0.2869 ni 0.1356. Jumlisha, utapata 0.6451. Hiyo ni kosaini ya pembe iliyo katikati ya dunia baina ya viwanja hivyo, na pembe yenyewe ni nyuzi 49.83. Kila nyuzi moja ya duara kuu ni kilomita 111.195, ikiwa unachukua nusu kipenyo cha dunia kuwa kilomita 6,371. Zidisha: kilomita 5,541.

Mbona nilisema 5,555 hapo mwanzo? Kwa sababu dunia si tufe kamili. Nusu kipenyo chake kwenye ikweta ni kilomita 6,378.1, kwenye ncha ni 6,356.8. Hesabu ya tufe hukosea kiasi kisichozidi nusu ya asilimia, na hapa imekosea robo ya asilimia tu. Kwa kazi za kila siku inatosha sana. Anayetaka usahihi wa mita hutumia kanuni ya Vincenty ya mwaka 1975, ambayo hata hivyo hukwama pale sehemu mbili zinapokaribia kuwa pande kinyume kabisa za dunia. Kanuni ya Karney ya 2013 iliondoa kasoro hiyo. Nionavyo mimi, kubishana kuhusu kilomita hizo 14 ni kupoteza muda, maana ndege yenyewe, kama tutakavyoona, itaongeza nyingi zaidi ya hizo kabla haijafika.

Makosa yanayoumiza ni mengine, na mengi hutokea wakati wa kuchapa. La kwanza ni kuchanganya dakika na desimali. Latitudo ya Kennedy ni nyuzi 40 na dakika 38. Mtu huandika 40.38, na papo hapo amekihamisha kiwanja kilomita 28 kusini. Dakika hugawanywa kwa 60 kwanza: 38 kwa 60 ni 0.63. La pili ni alama ya kutoa. Magharibi na kusini ni hasi. Ukiisahau alama hiyo kwenye longitudo ya New York, kiwanja kinaangukia Kirigizistani, Asia ya Kati. Ubaya wake ni kwamba jibu litakuwa kilomita 5,600, karibu sawa na lile la kweli, kwa sababu London iko karibu na longitudo sifuri na sehemu zote mbili ziko mbali nayo kiasi kilekile. Hutashtuka. Utashtuka siku utakapokokotoa New York hadi Tokyo. La tatu ni la kompyuta: programu za majedwali hutaka pembe kwa radiani, si kwa nyuzi. Ukiona jibu la ajabu, anza kuchunguza hapo. Na kwa viwanja vilivyo jirani sana, kilomita chache tu, kanuni ya kosaini hupoteza usahihi kwa sababu kosaini ya pembe ndogo inagusana na 1. Hapo tumia kanuni ya haversine.

Kuna kosa jingine lisilo la hesabu kabisa, nalo ni kuchagua kiwanja kisicho chenyewe. London peke yake ina LHR, LGW, STN, LTN na LCY, na herufi LON ni za mji, si za kiwanja chochote. SJC ni San Jose ya California, SJO ni San José ya Kosta Rika. SYD ni Sydney ya Australia, YQY ni Sydney ya Nova Scotia, Kanada. Wapo abiria waliotua Kanada wakitafuta Australia. Usiandike jina la mji. Andika herufi tatu za kiwanja, kisha hakikisha nchi.

Sasa tuache karatasi tuingie angani, kwa sababu hakuna ndege ya ratiba inayoruka duara kuu tupu. Ikiondoka hufuata njia maalumu ya kutokea uwanjani, na njia hiyo inaweza kuanza kwa kuelekea upande usio wake kabisa, kwa kuwa ndege huruka ikiukabili upepo. Ikifika hufuata njia ya kuingilia, hupangwa foleni, huzungushwa ili ije kutua nayo ikiukabili upepo. Heathrow ina sehemu nne za kuzungukia ndege zinazosubiri zamu: Bovingdon, Lambourne, Ockham na Biggin. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini njia hupangwa upya mara mbili kila siku kulingana na upepo, vituo vya kuongoza ndege vya Shanwick na Gander vikizitangaza: za kuelekea magharibi hutumika mchana, za kuelekea mashariki usiku. Ndege ya injini mbili nayo lazima ibaki ndani ya muda ulioidhinishwa wa kufika uwanja wa dharura kwa injini moja. Muda huo ukiwa mfupi, njia hulazimika kupinda kuufuata ufuko.

Halafu kuna anga lililofungwa. Tangu 2022 mashirika ya Umoja wa Ulaya hayapiti juu ya Urusi. Helsinki hadi Tokyo ilikuwa safari ya saa 9 na kitu. Sasa ni kama saa 13, iwe kwa kupita karibu na Ncha ya Kaskazini au kwa kushukia kusini. Viwanja havijasogea hata hatua. Kikokotoo cha duara kuu bado kinatoa jibu lake lilelile la zamani, na kwa swali lililoulizwa, jibu hilo ni sahihi.

Kwa hiyo wanaokokotoa hewa ukaa huongeza kilomita kwa makusudi. Kikokotoo cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, huongeza kilomita 50 kwa safari isiyofika kilomita 550, kilomita 100 kwa safari ya kati ya 550 na 5,500, na 125 kwa ndefu zaidi ya hapo. Umoja wa Ulaya katika mfumo wake wa vibali vya hewa chafu huongeza kilomita 95 kwa kila safari, fupi kwa ndefu. Ukiwa huna takwimu za njia halisi, ongezeko la ICAO ni pa kuanzia pazuri.

Mwendo. Marubani hupima umbali kwa maili za baharini, na maili moja ya baharini ni mita 1,852 kamili. Haikuchaguliwa ovyo: ni karibu sawa na dakika moja ya latitudo, ndiyo maana ile pembe yetu ya nyuzi 49.83 ukiizidisha kwa 60 unapata maili 2,990 bila kutafuta kitu kingine. Maili moja ya baharini kwa saa ndiyo inayoitwa noti. Anayechukua maili za baharini akazigeuza kwa 1.609, ambayo ni ya maili za nchi kavu, hupoteza asilimia 13 ya safari nzima.

Ndege kubwa za jeti hutaja mwendo wao kama sehemu ya mwendo wa sauti. Boeing 787 na Airbus A350 husafiri kwa 0.85 hivi, Boeing 737 na Airbus A320 kwa 0.78 hivi. Lakini mwendo wa sauti hutegemea joto la hewa. Kwenye kimo cha futi 36,000 na ushei, katika hali ya hewa ya kiwango, joto ni nyuzi 56.5 chini ya sifuri na sauti husafiri kilomita 1,062 kwa saa. Kwa hiyo 0.85 ni kama kilomita 903 kwa saa, na 0.78 ni kama 828. Anayechukua mwendo wa sauti wa ardhini, kilomita 1,225 kwa saa, akauzidisha kwa 0.85, anapata ndege ya kilomita 1,041 kwa saa. Ndege hiyo haipo. Za rafadha kama ATR 72 ni jamii nyingine: hesabu kilomita 500 kwa saa.

Na huo ni mwendo ndani ya hewa. Hewa yenyewe inakwenda. Nawaomba tukae hapa kidogo, maana ndipo makadirio mengi yanapoharibika.

Chukua maili 3,000 za baharini, ndege ya noti 480, na upepo wa noti 100 utokao magharibi. Mkondo wa upepo wa juu kwenye latitudo za kati hufikisha nguvu hiyo na kuipita, hasa majira ya baridi. Kwenda mashariki, mwendo juu ya ardhi ni noti 580: saa 5 na dakika 10. Kurudi, ni noti 380: saa 7 na dakika 54. Jumla ni saa 13 na dakika 4. Bila upepo wowote, kwenda na kurudi ni saa 12 na nusu. Upepo haujajilipa. Umeondoka na zaidi ya nusu saa, kwa sababu ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo wa mbisho kuliko ndani ya upepo unaoisukuma. Anayejumlisha mbili akagawa kwa mbili ili kupata "muda wa kawaida" wa njia, amepata namba isiyoifaa safari yoyote kati ya hizo.

Upepo wa ubavuni pia hula, ingawa kidogo. Upepo uleule wa noti 100 ukija kwa pembe mraba, ndege ya noti 480 hulazimika kuelekeza pua upande wa upepo, na mwendo wake kwenye njia unabaki noti 469 au 470. Ndiyo sababu mpangaji wa safari hukubali kuongeza mamia ya kilomita ili akwepe mkondo unaomkabili, au aende kuukamata unaomsukuma. Njia ndefu ya kilomita huweza kuwa fupi ya saa, na fupi ya mafuta pia.

Nyongeza ya kupaa na kushuka. Chini ya futi 10,000 ndege nyingi hubanwa zisizidi noti 250. Kupaa hadi kimo cha safari huchukua dakika 20 hadi 25, na mwendo wa wastani katika kipindi hicho ni mdogo. Kushuka kuna kanuni ya kichwani ya marubani: maili tatu za baharini kwa kila futi 1,000. Ukiwa futi 37,000, anza kushuka maili 110 kabla. Jumlisha kupaa na kushuka: ni maili 200 na zaidi. Sasa fikiria safari ya maili 250. Ile 0.78 ya vitabuni haitumiki ila kwa dakika chache za katikati, na ndege haina sababu ya kupanda juu hivyo. Mwisho kabisa wa mizani hiyo kuna Westray na Papa Westray, visiwa vya Orkney huko Uskoti: kilomita 2.7, ratiba ya dakika 2. Huko kugawanya umbali kwa mwendo wa ndege hakukuambii lolote.

Ikiwa lazima ukadirie kwa kalamu, fanya hivi. Chukua umbali wa duara kuu, ongeza kilomita za ICAO, gawa kwa 830 ikiwa ni ndege yenye njia moja katikati ya viti, kama 737, au kwa 900 ikiwa ni ndege pana, kama 787. Ongeza dakika 15 hadi 20 kwa kupaa na kushuka. Hapo una muda wa hewani usio na upepo. Kisha ongeza muda wa ardhini.

Muda wa ardhini ndio abiria wengi wasioujua, nao uko ndani ya tiketi. Saa ya kuondoka iliyoandikwa ni ya ndege kuachia lango, kabari zikitolewa kwenye magurudumu. Saa ya kufika ni ya kabari kurudishwa. Si ya kuruka, si ya kutua. Katikati kuna kurudishwa nyuma, kuwasha injini, kutembea hadi njia ya kurukia, foleni. Dakika 20 hadi 40 kwa pande zote mbili ni kawaida, na kiwanja kimoja hutofautiana chenyewe kwa chenyewe: Amsterdam Schiphol, ndege ikitua kwenye njia ya kurukia iitwayo Polderbaan, kutembea kwake tu hadi jengoni kunaweza kufika robo saa au zaidi. Juu ya hayo shirika huongeza dakika za akiba ili ndege ihesabiwe imefika kwa wakati. Ndiyo maana ndege huondoka imechelewa dakika 20 ikafika imewahi, na abiria wakampigia makofi rubani ambaye hakukimbiza kitu.

Tiketi sasa, nami nasoma kwa saa 24 kama zinavyochapwa. Kila saa kwenye tiketi ni ya mahali pale. Ondoka New York 19:00, fika London 07:00 kesho yake: machoni ni saa 12, lakini London iko mbele saa 5, kwa hiyo safari ni saa 7. Ondoka London 11:00, fika New York 14:00: machoni ni saa 3, kwa kweli ni 8. Usijaribu kukumbuka lini uongeze na lini utoe. Geuza saa zote mbili ziwe za UTC, yaani saa moja ya rejea ya dunia nzima, kisha toa.

Mtego uko kwenye mabadiliko ya saa ya majira. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo. Kwa wiki mbili au tatu tofauti ya New York na London ni saa 4. Kuelekea mwisho wa mwaka hali hiyo hujirudia kwa wiki moja, maana Ulaya hurudisha saa Jumapili ya mwisho ya Oktoba na Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba. Safari ya kuunganisha iliyopangwa kwa kunakili ratiba ya wiki iliyopita hukatika hapo. Kumbukeni pia kwamba si kila eneo lina saa kamili: India ni UTC+5:30, Nepal ni UTC+5:45. Na mkivuka mstari wa tarehe, msiogope: ndege inayoondoka Auckland saa 23:00 Jumamosi wakati wa kiangazi cha huko, ikiruka saa 9, inafika Honolulu saa 09:00 ya Jumamosi ileile. Tofauti ya saa 23 ndiyo inayofanya hivyo.

La mwisho ni kuchagua namba kulingana na kazi. Kwa mafuta, mpangaji hutumia njia halisi na upepo wa siku hiyo, akaongeza akiba, ikiwemo ya kuzunguka dakika 30 kwa ndege za jeti. Kwa mpango wa abiria wa kuunganisha ndege, tumia saa za ratiba, usitumie makadirio yako. Kwa fidia ya kuchelewa chini ya kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, kinachotumika ni duara kuu, na mipaka ya safari ni kilomita 1,500 na 3,500. Hapo wakataji wengi wa tiketi hujumlisha vipande: kilomita za ndege ya kwanza na kilomita za ndege ya pili. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kwa safari ya kuunganisha huhesabiwa mstari mmoja, kutoka uwanja wa kwanza hadi wa mwisho, hata kama abiria alipelekwa mbali pembeni kwenda kubadilisha ndege.